Uso wa Kisogoni

Tarehe 14 Machi 1991 ofisi ya biashara ya wilaya ya Bariadi ilimpa Generoza Sayi leseni ya "fundi wa rangi za uso na mavazi ya ngoma". Karani aliyeiandika alimuuliza mara mbili kama hiyo kweli ni kazi. Generoza alijibu kwamba ndiyo anayoifanya, na kama kuna nyingine ofisini hapo, ataichukua pia.

Kujitegemea hakukuwa uamuzi wake. Kabla ya hapo alikuwa mwajiriwa wa chama cha ushirika, akishona mavazi ya kikundi chake cha utamaduni, kile kilichochezea wageni waliokuja kukagua maghala ya pamba. Ushirika ulipoanza kupunguza watu, wachezaji waliondoka kabla ya madereva na walinzi. Generoza aliruhusiwa kuchukua cherehani ya mkono na sanduku la shanga. Mumewe, Yakobo, fundi baiskeli, alivibeba vyote viwili kwenye keria ya baiskeli, akauliza njiani kama wacheza ngoma wa vijijini huwa wanajua kwamba uso hupakwa na mtu mwingine.

Wanajua. Katika nchi ya Wasukuma, pamba ikishavunwa, watu hushindana kwa ngoma mpaka mvua zikaribie. Kila kikundi ni cha Bagalu au cha Bagika, pande mbili ambazo chanzo chake ni waganga wawili wa zamani, na mtoto hurithi upande kama anavyorithi ukoo. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Hakuna meza ya waamuzi. Watazamaji huenda walikopendezwa, na jua likizama, kikundi chenye watu wengi ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo ushindi hutafutwa kwa kioja: nyoka, mwanasesere wa ukubwa wa mtu, mtu aliyerefushwa kwa miti iliyofungwa miguuni. Kioja huandaliwa kwa siri kuanzia wakati wa palizi, nacho kikijulikana kabla ya siku yake, hakina thamani tena.

Kioja hicho lazima kishonwe na mtu. Mafundi wengi ni wa upande mmoja kama wachezaji wenyewe. Generoza alitoka ushirika, ambako pande zote zilicheza pamoja kwa amri ya meneja, kwa hiyo wote walimwona si wa upande wowote. Zagayu, kikundi cha Bagalu, walikuja kwake mwaka uleule wa leseni. Lalago, Bagika kutoka wilaya ya Maswa, walikuja mwaka uliofuata. Wateja wengine walipita na kupotea, lakini hao wawili walirudi kila msimu, na kazi yao ndiyo iliyowasomesha watoto wake.

Alikuwa na beseni mbili, ya bluu na ya njano, na brashi za kila moja hazikuchanganywa. Mganga wa kila kikundi alitia dawa yake kwenye maji ya rangi, na dawa ya Bagalu haigusi uso wa Mgika. Generoza ni Mkatoliki wa kila Jumapili. "Mimi naona maji," anasema, "lakini kichwa kinachopakwa si changu." Akitoka kambi moja kwenda nyingine alinawa mpaka kwenye viwiko, mbele ya watu, ili waone.

Kulikuwa na kanuni nyingine, ngumu zaidi. Fundi wa ngoma hachagui, hakatai, wala hashauri. Sababu yake ilikuwa wazi kwa wote. Fundi mmoja wa Maswa, marehemu sasa, aliwahi kuagizwa kichwa cha tembo akajibu kwamba hicho hakiwezi. Kabla ya jua kuzama kila mtu alishajua kwamba wapinzani wana tembo. Anayefanyia kazi pande mbili anasomwa usoni. Akisema "hapana" kwa mmoja, ametoa siri ya mwingine.

Generoza aliishika kanuni hiyo hata ndani ya nyumba yake. Mwaka 1993 Lalago waliamua kuingia uwanjani na fisi hai, naye akashona kifungio cha mdomo cha ngozi, akamwambia Yakobo ni cha mbwa wa jirani. Yakobo alikuwa amewekeana dau la jogoo na rafiki yake kwamba Zagayu watashinda.

"Mwezi mzima umelala na fisi kichwani, mama Anatoli," alimwambia jioni ya mashindano, "na mimi jogoo wangu anakwenda hivihivi."

"Wewe ungejua, na Bariadi yote ingejua."

"Ningemwambia mtu mmoja tu."

"Huyo mmoja ndiye Bariadi yote."

Kilichomharibia mambo hakikuanzia kwenye ngoma. Kilianzia sokoni, Desemba 1995, siku chache kabla ya Krismasi. Wakati huo kila mwenye mtaji alikuwa ameruhusiwa kununua na kuuza, na Bariadi ilikuwa na wauza mitumba wengi kuliko wanunuzi. Mmoja wao, Joakim, alimwomba Generoza kitu cha kuvuta watu kwenye banda lake. Generoza akamchukua kijana mmoja wa banda, akamnyoa kichwa siku ya kwanza, akasubiri kesho yake ili mikwaruzo ya wembe ikauke, kisha akampaka uso mzima kisogoni. Pua aliitengeneza kwa pamba mbichi iliyolowekwa kwenye uji wa muhogo na kukaushwa juani. Mkunjo wa shingo akaufanya mdomo. Shati alilivisha kinyume, vifungo mgongoni, tai juu yake. Nyuma ya visigino alishonea ncha za viatu vingine, na uso halisi wa kijana akaufunika kwa kofia ya sufu iliyotobolewa matundu madogo.

Kijana alitembea kinyumenyume sokoni, na ilikuwa shida kujua anakwenda au anakuja. Wanawake waliokuwa wakipima dagaa waliacha mizani. Joakim alipanda juu ya robota akatangaza: "Mlisema mitumba haina mbele wala nyuma. Njooni muone zote mbili." Banda lilijaa mpaka jioni.

Katika umati huo alikuwamo Mhoja, ningi wa Zagayu, yaani mtunzi na kiongozi wao. Alikuwamo pia Limbu, ningi wa Lalago, aliyekuja mjini kutafuta ngozi za ngoma. Soko la Krismasi ni kubwa, na hawakuonana.

Mhoja alikuja nyumbani kwa Generoza katikati ya palizi. Ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Nyumbani hawajambo?"

"Wapo tu, na magugu yao." Alikaa, akanywa maji, akaangalia mlango. "Lile jitu la sokoni. La nyuma kuwa mbele. Nalitaka la ngoma ya Agosti, tukikutana na Lalago."

"Utalipata."

"Salu ndiye atalicheza. Ana kichwa kizuri, kama kibuyu." Salu ni mpwa wake, mchezaji bora wa Zagayu. "Asijue mtu. Mwaka jana tulishindwa, na mwaka juzi. Wazee wanasema huenda wimbo wangu umechoka. Nikishindwa tena watatafuta ningi mwingine."

"Anayekuja hapa anakuja peke yake, baba. Anaondoka peke yake."

Limbu alikuja kabla palizi haijaisha. Yeye ni mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alianza na utani wa Yakobo na baiskeli zake, akauliza habari za Anatoli, mtoto wa kwanza, aliyekuwa sekondari. Kisha akainama mbele.

"Mayu, nakumbuka yule kijana wa Joakim. Uso kisogoni."

Generoza alichukua shanga, akaanza kuzitunga, ingawa hakukuwa na vazi lililozihitaji.

"Namtaka huyo," Limbu akasema.

"Fisi wenu yule alipendwa sana. Kwa nini asirudi?"

Limbu aliacha kucheka. "Umeanza lini kushauri?"

"Nimesema tu."

"Miaka yote hujawahi kusema tu." Alimtazama kwa muda. "Au jamaa wa Zagayu wamepita hapa?"

"Wao hupita, na wewe hupita. Hapa ni mjini."

"Haya. Jitu lipo au halipo?"

Kama angesema halipo, Limbu angeondoka na siri ya Mhoja mfukoni. Kama angesema lipo, lingekuwapo mara mbili. Generoza alitunga shanga mbili zaidi.

"Lipo," akasema.

"Basi hayo ndiyo maneno. Ulinitisha."

Tangu siku hiyo mpaka Agosti, Generoza hakupata mahali pa kuliweka jambo hilo. Yakobo aliona chakula kinabaki kwenye sahani, akauliza kama ni malaria. Akampeleka zahanati, akapimwa, hakuonekana mdudu. Mganga wa zahanati akampa dawa hata hivyo, naye akameza, kwa kuwa kukataa kungeleta maswali.

Alikwenda kuungama kwa Padre Januarius, paroko, kwa sababu aliamini ni mtu pekee ambaye naye kazi yake ni kunyamaza. Alisema yote bila kutaja vikundi. Padre alisikiliza, akasema haoni dhambi hapo.

"Mwambie mmojawao huwezi."

"Nikisema siwezi, nimesema, Baba."

"Basi mwombe wa kwanza ruhusa ya kumwambia wa pili."

"Wa kwanza atajua kwamba yupo wa pili."

Padre akasema atamwombea, na Generoza akashukuru. Alitoka kanisani akajikuta anaelekea sokoni, akanunua pamba mbichi ya kutosha pua mbili.

Alijaribu njia moja iliyobaki, nayo ilikuwa ya kifundi. Aliamua kufanya nyuso zisifanane. Wa Zagayu angekuwa mzee anayelia, mashavu yameshuka, machozi ya chokaa. Wa Lalago angekuwa kijana anayecheka, meno nje. Alijaribu pia kumgeuza wa Lalago awe mwanamke. Limbu alikataa kwa kicheko: "Nimpeleke mwanamume wangu kwa Bagalu amevaa gauni? Wataimba hilo mpaka wajukuu." Mashati aliyachagua ya rangi mbili, la Zagayu jeupe na la Lalago jekundu. Alipoviweka vichwa vya mfano juu ya vibuyu viwili, akasogea mpaka mlangoni kuviangalia, aliona wazi kwamba hapakuwa na tofauti. Kutoka mbali, mtu mwenye uso kisogoni ni mtu mwenye uso kisogoni.

Siku ya mashindano Zagayu walipiga kambi kwenye madarasa ya shule ya msingi. Lalago walikuwa nyuma ya ghala la ushirika, ambalo wakati huo lilikuwa tupu. Generoza alianza shuleni. Salu alikaa kwenye dawati, kichwa chini, akiimba puani. Alitaka kujua kama yule mzee wa kisogoni amekunja uso kwa hasira au kwa huzuni, ili ajue acheze vipi.

"Huzuni," Generoza akamwambia.

"Ya nini?"

"Tulia. Utaivunja pua."

Akamaliza, akanawa mpaka kwenye viwiko, akachukua beseni ya njano akaenda ghalani. Limbu alikuwa akizunguka kama mwenye harusi. Mchezaji wake alipakwa uso wa kicheko, na wenzake walipomwona walianguka chini kwa kucheka, wakizibana midomo ili sauti isivuke ukuta. Generoza alipaka vizuri. Angeweza kupaka vibaya, anasema, na wazo hilo lilimjia, lakini hakujua ni yupi wa kupakwa vibaya.

Kioja hakitolewi mapema. Kila ningi husubiri watu wajae na jua lipungue ukali. Limbu alimtoa wake kwanza. Kishindo kilisikika mpaka barabarani, na nusu ya watu waliokuwa upande wa Zagayu waliondoka mbio. Mhoja, akiona watu wake wanakwisha na asione kinachowavuta kwa sababu ya umati, alimtoa Salu.

Watu wa nyuma waligeuka. Kwa muda mfupi walidhani ni mtu yuleyule amevuka uwanja kwa kasi isiyo ya kawaida. Mmoja akapiga yowe kwamba hiyo ni dawa kweli. Kisha mwanamke mmoja akanyoosha kidole upande huu, akanyoosha upande ule, akasema, "Wawili. Wamenunua duka moja." Kicheko kilichofuata hakikuwa cha upande wowote. Watoto walianza kukimbia kutoka kwa anayelia kwenda kwa anayecheka na kurudi. Wachezaji wawili, waliofunikwa nyuso zao halisi, hawakuelewa. Kila mmoja alidhani anachekwa kwa uzuri, akaongeza bidii.

Pembeni ya uwanja lilikuwepo lori la mnunuzi mmoja binafsi wa pamba, lenye vipaza sauti, lililokuja kutafuta wakulima. Watu wa lori walipoanza kurusha kofia za bure, umati ukaenda huko. Jua lilizama vikundi viwili vikicheza mbele ya wake zao na wazee wao. Hakuna aliyeshinda.

Walimwita kabla giza halijaingia. Wazee wa Zagayu na wa Lalago walikaa kwenye benchi moja, jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kulifanya, na Generoza alisimama mbele yao na mikono yenye chokaa. Mhoja hakumtazama. Limbu ndiye aliyeuliza.

"Mayu, uliuza cha nani?"

"Sikuuza. Kila mmoja aliniagiza. Mlikiona sokoni, wote."

"Mimi nilikiona," Limbu akasema. "Huyu hakuwepo."

"Nilikuwepo," Mhoja akasema, kwa sauti yake ileile ndogo.

Mzee mmoja wa Lalago alikohoa. "Basi ni rahisi. Nani alikuja kwako kwanza?"

Jibu alikuwa nalo. Akimtaja Mhoja, Limbu angekuwa ningi aliyecheza makombo ya Bagalu, na kwa kosa hilo kikundi kingemfukuza. Tena lingefuata swali la pili, kwa nini hukumwonya, ambalo jibu lake ni kanuni waliyomwekea wao wenyewe. Alisubiri mmoja wao aseme hivyo. Wote waliijua kanuni. Hakuna aliyesema.

"Mayu, tunakuuliza."

"Anayekuja kwangu anakuja peke yake," Generoza akajibu.

"Unaona?" Limbu akawaambia wazee. "Anaficha."

Yakobo, aliyekuwa amesimama nyuma, alijaribu. Aliwaambia mke wake hajawahi kumtajia siri hata yeye, na akaanza habari ya jogoo. Watu wachache walicheka. Mzee wa Zagayu alimwambia kwa upole, "Kaa, bwana mdogo. Tunajua unampenda."

Hawakumpiga wala kumtukana. Wiki iliyofuata walikuja watu wawili kutoka Zagayu, wakasalimia vizuri, wakaomba beseni ya bluu na brashi zake, kwa kuwa dawa ni yao. Wa Lalago walikuja baadaye kuchukua ya njano. Generoza aliwapa na maji ya kunywa. Hata walipokuwa mlangoni alifikiri kuna neno moja, kama angelijua, ambalo lingewarudisha ndani. Hakulipata, na hajalipata mpaka leo.

Limbu na Mhoja wote wangali viongozi wa vikundi vyao. Kila mmoja aliwaambia watu wake kwamba aliibiwa, na kila mmoja aliaminiwa. Habari zilifika Meatu. Kikundi cha huko, cha Lingeka, kilichokuwa kimeagiza kofia za manyoya kilituma mtu kusema kofia zisubiri kwanza. Krismasi iliyopita Padre Januarius alimpa kazi ya kuvisha malaika wa igizo la parokia. Mama mmoja alimwondoa mwanawe kwenye foleni, akampaka poda mwenyewe.

Joakim wa mitumba bado humsalimia. Alimwomba arudie lile jitu kwa ajili ya banda lake jipya, na Generoza akasema hapana. Anasema hilo ndilo agizo la kwanza alilowahi kulikataa, na halikumgharimu mtu yeyote kitu.

"Ningefanya nini?" anauliza, bila kumlenga aliyeketi naye. Yakobo, akiziba pancha uani, hainui kichwa. Ameshajibu swali hilo kwa njia zote anazozijua.

Msimu huu Zagayu na Lalago watakutana tena, mwezi Agosti, huko Lalago. Salu atajipaka mwenyewe, na Lalago wamepata fundi kutoka Maswa, Mgika kwa baba na mama. Cherehani ya mkono imepata mnunuzi, mshona sare wa mtaa wa pili, ambaye atakuja kuichukua Jumamosi. Jumatatu Generoza ataanza kazi kwenye kituo cha kununulia pamba, kushona midomo ya magunia.